Kumbukumbu Zikifungwa

Kila mwezi kumbukumbu za watu wa Tabora hufungwa ili zinakiliwe. Watu huendelea kusema na kutenda, lakini hakuna linalobaki akilini, maana nakala za wote lazima zilingane, asiwepo anayekumbuka asichokijua mwenzake.

Nyamizi alifika kwa mama yake ving'ora vya kufunga vikianza kulia. Miaka mingi nyuma alitoroka kwenda kuolewa mbali, na mama akaapa hatamtazama tena. Sasa mama alikuwa mahututi. Nyamizi alipiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo, mama."

Mama akageukia ukutani.

Kumbukumbu zilipofunguliwa, Nyamizi alijikuta ameketi sakafuni, kichwa kimeegemea mapaja ya mama. Nusu ya nywele zake zilikuwa zimesukwa. Vidole vya mama vilikuwa bado vimeshika msuko, vimekwisha kupoa.

"Alisema nini?" alimuuliza kaka yake, Shija, aliyesimama mlangoni akifuta machozi.

"Nilikuwepo, mdogo wangu, lakini nami sikumbuki."

Baada ya matanga, Nyamizi alikwenda kwenye kituo cha nakala, ambako watu huzungumza na marehemu wao. Nakala ya mama ilikuwa imeishia pale ving'ora vilipolia, na sauti yake ilitoka kavu kama alivyokuwa wakati ule.

"Umefuata nini?"

"Mama, ulishanisamehe."

"Lini?"

 Nyamizi alisogeza kiti karibu na ile sauti, akaanza kuomba msamaha upya.