Vidonge Vilivyoachwa Mwaka Jana

"Nguvu za kiume?" daktari aliuliza, macho yakiwa kwenye kompyuta.

"Hakuna," fundi makochi alijibu, akaichungulia karatasi iliyokunjwa mara nne kiganjani. Aliiandika jana karakanani, kwa penseli ile ile anayotilia alama mbao.

Daktari alikuwa binti wa miaka thelathini hivi. Alikuwa amemwamkia kwa heshima zote, lakini sasa anauliza mambo ya chumbani kama anayeuliza bei ya nyanya. Masikio yalimwaka moto mzee wa watu.

"Usingizi je, mzee?"

"Wa mang'amung'amu. Chakula hakipandi. Kichwani ni kama kumejazwa pamba, neno linatafutwa mpaka linaachwa. Na hamu ya kitu chochote hakuna."

"Yote haya yalianza na vidonge vya kuzuia nywele kunyonyoka?"

"Vilitumika miezi saba. Vikaachwa mwaka jana. Nilidhani mambo yatatengemaa."

Daktari aliangalia fomu, akatabasamu kidogo. "Una miaka sitini na miwili. Mengine hapa ni ya umri tu."

"Umri haumo, daktari."

Ilimtoka kwa ukali kuliko alivyokusudia. Lakini hii ilikuwa hospitali ya tatu. Ya kwanza walimpa vitamini. Ya pili walimwambia apunguze mawazo, wakaita mgonjwa mwingine.

"Basi niambie chanzo," alisema kwa sauti ya chini. "Dawa imeachwa. Kwa nini ubaya wake hauondoki?"

Binti akaacha kuandika. "Nikwambie kweli, mzee, hatujui. Wapo wanaosema dawa huvuruga homoni, zikachelewa kurudi sawa. Wengine wanasema huigusa mishipa ya fahamu. Wengine wanasema ni hofu yenyewe inayomkaa mtu. Na pengine kuna ugonjwa mwingine kabisa uliojificha nyuma ya vidonge. Hakuna aliyethibitisha."

"Na dawa ya kuyaondoa?"

"Ya uhakika, hapana."

Fundi aliitazama mikono yake. Kwa miaka arobaini imetengeneza makochi. Kochi likiharibika unalipasua kitambaa, unaona springi iliyolegea au mbao iliyovunjika, unabadilisha, mwenyewe anakalia. Hapa hapakuwa na pa kupasua. Aliwaza atakavyoingia nyumbani, apite ukumbini, afike kwenye ule mlango, na kwa mara ya tatu asiwe na la kusema.

"Tusikate tamaa," daktari alisema. "Tuanze na kipimo cha damu. Tutaangalia homoni, sukari, na tezi ya shingo."

Alimpandisha mkono wa shati, akamfunga mpira juu ya kiwiko, akapapasa kutafuta mshipa.

"Kunja ngumi, mzee."

Fundi hakukunja. Alijifungua ule mpira taratibu, akauweka mezani.

"Damu yangu haitakuonyesha kitu," alisema. "Mgonjwa ni mwanangu. Ana miaka ishirini na saba, huu mwezi wa nne hatoki chumbani, na hospitali hataki hata kuisikia."

Daktari aliirudisha sindano kwenye trei.

"Vidonge nilimnunulia mimi, harusi yake ilipokaribia. Yeye upara haukuwa ukimsumbua. Ulikuwa ukinisumbua mimi."