Mtoto wa Nungunungu Akataa Hesabu

Nungunungu mmoja alimfundisha mwanawe nyumbani, na masomo alimwachia achague mwenyewe. Mtoto alichagua kuchimba. Hesabu aliikataa.

"Shoga, huyo unamharibu," alisema jirani yao, Nguchiro. "Wangu wanahesabu mpaka mia."

Siku ya mtihani mtoto alichimba tundu, mama akaingia kulikagua. Akakwama katikati. Kurudi nyuma hakuweza, maana miiba yake ilikita kwenye udongo.

"Nguchiro!" aliita kutoka ndani. "Walete hao wenye hesabu!"

Watoto wa Nguchiro walikuja, wakapanga mstari, wakahesabu mpaka mia bila kukosea. Nungunungu akabaki palepale.

Mwanawe alichomoa mwiba wake mmoja mfupi. Akapima upana wa tundu, kisha upana wa mama sehemu iliyobaki nje.

"Mama, wewe ni miiba minne. Tundu ni mitatu."

"Basi ongeza mmoja, mwanangu, nakosa pumzi!"

Akachimba. Mama akatoka kinyumenyume, vumbi mwili mzima, anacheka.

"Kesho utasoma nini?"

"Hesabu," alisema mtoto. "Lakini ya mashimo tu."

"Vizuri. Nitakagua nikiwa nje."