Maji ya Mzabibu

Kwa wiki tatu Mbeleje aliumwagilia mzabibu wake asubuhi na jioni, na bado majani yalizidi kuungua pembeni, kana kwamba moto usioonekana unayala. Bwana shamba alikata tawi moja, akalitazama, akatikisa kichwa.

"Hauna kiu, mama. Vidudu vinavyofyonza majani vimeuletea bakteria, nao wameziba mishipa yake. Maji hayapandi tena. Uchome leo, na pingili yake isipandwe popote."

Mbeleje akamgeukia binti yake Wendo, aliyekuwa akingoja kuchukuliwa na wakwe zake alasiri hiyo. Katika mji ule bibi harusi hakutoka kwao bila pingili ya mzabibu wa mama yake, imefungwa kwenye kanga mbichi.

"Niende mikono mitupu?" Wendo aliuliza.

Mama yake akachovya kanga kwenye ndoo ya maji aliyokuwa akiumwagilia mzabibu, akaikunja taratibu, akampa.

"Nenda na maji yake."

Moshi ulipopanda uani, Wendo alikuwa njiani, ameikumbatia kanga ile isiyo na kitu. Ilidondosha maji nyuma yake njia nzima, na kila tone likachimba vumbini kishimo kidogo, kama cha kupandia.