Rula ya Shangazi

Pembe za blanketi la viraka zilikataa tena kukutana. Shangazi alipanga vitambaa viwili, akachora mstari kwa rula toka pembe hadi pembe, akashona pande zote mbili za mstari, akakata katikati, akafungua. Kila mraba ulikaa upande.

"Macho yangu ndiyo basi tena, mwanangu. Chukua cherehani, uendelee wewe."

Cherehani niliyoililia tangu utotoni! Nikailaza rula yake ya plastiki ukingoni mwa meza nijaribu kuchora. Mwanga ukapenya chini yake. Imepinda, na pale ilipopinda pana alama ya ncha ya pasi. Juzi niliiacha pasi ikiwaka hapo, nikakimbilia simu.

"Umeona nini?"

Nikaificha mgongoni. "Hamna kitu, shangazi. Asante."

Akanikumbatia. Vidole vyake vikaikuta rula, vikaipapasa polepole, vikasimama pale ilipopinda.