Nyuki wa Juu ya Paa

Manyunyu yalikatika, lakini nyaya kubwa za umeme ziliendelea kuvuma juu ya paa. Mtaani walisema nyuki wameamka. Zawena, mjamzito wa miezi minane, aligusa waya wa kuanikia nguo, akaruka.

"Waya umening'ata tena, mume wangu."

Kibwe akaukata waya, akafunga kamba ya katani.

"Na mtoto je?" Zawena aliuliza. "Tuhame."

"Tuhamie wapi? Nani atanunua nyumba chini ya nyuki? Mjinga alikuwa mmoja tu, ndiye mimi."

Zawena alicheka kidogo, akaanika nepi mpya. Kisha akavua kandambili moja, akausukuma nayo mlango wa bati bila kuugusa kwa mkono, akaingia. Kibwe akabaki uani na waya mkononi, akiutazama mlango.