Zege Tezini

Patasi iligonga kitu kigumu, ikaruka mkononi. Binti akang'oa ubao wa mwisho wa sakafu, akamulika tochi ndani ya tumbo la mashua ya baba yake, akabaki kinywa wazi. Kule nyuma kabisa, tezini, palikuwa na zege. Wala si kipande kilichoangukia humo kwa bahati mbaya. Lilikuwa bonge zima, limemwagwa na kusawazishwa hadi likalainika kama sakafu ya sebule.

Miaka yote ya ufundi wake hajapata kuona kioja kama hicho. Farumi, ule uzito wa kuizuia mashua isipinduke, hukaa katikati, juu ya mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo. Tezini haina kazi yoyote ila kuikalisha mashua matako, iburuze maji kutwa. Na hii, jamani, ilikuwa mashua ya mbio.

Mashua zenyewe zilikuwa mbili, pacha: fundi mmoja, mbao za shehena moja, matanga yote yameshonwa na baba kwenye cherehani yake. Moja aliichukua yeye. Ya pili akampa mchumba wake, msichana mwashi aliyeshinda juu ya jukwaa akipiga lipu nyumba za watu. Wakashindana kabla ya ndoa, wakashindana baada ya ndoa, na watoto walipokuja wakaendelea. Mama akashinda kila mara. Vikombe vyake vilijaa kabati la sebuleni mpaka sahani zikahamia jikoni.

Baba hakukubali kushindwa hata siku moja. Wimbo wake ulikuwa uleule: "Namwachia tu. Mke wangu mwenyewe, nikimshinda nitapata nini?" Mama alikuwa akicheka hadi machozi yanamtoka, akimwambia aendelee kujifariji.

Kumbe mzee wa watu alikuwa akisema kweli! Binti akamchungulia kupitia upenyo wa ukuta wa banda. Baba alikuwa uani, miwani imemshuka puani, anaupiga msasa mlingoti huku akipiga mluzi. Mapenzi gani haya, mtu kujirudisha nyuma maisha yake yote, achekwe mbele ya wanawe, na siri asiitoe? Binti alimwonea baba yake fahari.

Kisha akamkumbuka mama, na furaha ikaingia doa. Jumamosi wazee hawa wangeshindana tena, mara ya mwisho kwa maneno yao, mashua zote mbili zikiwa zimekarabatiwa. Mama alikuwa ameshapangusa vumbi mahali pa kuweka kikombe kipya. Akijua kwamba vyote vile alipewa kama peremende ya mtoto, ataweza kuvitazama tena? Hapana. Mama asijue kamwe.

Akashika nyundo na tindo. Alivunja taratibu, amelifunika zege kwa gunia ili mlio usitoke, na baba alipouliza kelele za nini, akajibu kuwa anang'oa misumari iliyoota kutu. Vipande akavitia kwenye ndoo. Alikuwa akiishusha ndoo ya mwisho aliposikia nyayo nyuma yake.

Mama alikuwa mlangoni, chupa ya chai mkononi, macho kwenye ndoo.

Binti akaanza kujiumauma, eti ni takataka tu, kokoto za zamani, asijisumbue nazo. Mama aliiweka chai chini, akaokota kipande, akapitisha kidole gumba upande ule uliolainishwa. Maskini mama yangu, binti akawaza, ameshaelewa kila kitu.

"Baba yako ameliona hili?" mama akauliza kwa sauti ya chini.

"Hajaliona, mama. Naapa."

"Afadhali." Mama akaurudishia mlango polepole, akapandisha mikono ya blauzi yake. "Niletee simenti. Enzi zile ndoo mbili zilinitosha. Sasa nimezeeka, itabidi nimwage tatu."