Kioo cha Mwalimu Tausi

Vishikwambi vilipokuwa bado vigeni msituni, darasa la Mwalimu Tausi lililetewa kimoja, kibao chembamba cha kusomea. Tausi aliambiwa kina kioo, na neno hilo likamtosha. Kila asubuhi alikisimamisha mezani, akajitazama, akapanga manyoya, huku wanafunzi wakingoja somo.

"Mwalimu, na sisi tukiguse," Konokono aliomba.

"Wewe na ute wako huo? Rudi nyuma."

Akaja mkaguzi, Mzee Korongo, mwenye shingo ndefu ya kuchungulia. "Darasa lisilokitumia," alisema, "linanyang'anywa leo hii."

"Shikamoo, mzee," Tausi akajibu kwa maringo. "Hapa kinatumika tangu alfajiri."

Korongo akamgeukia Konokono. "Umeona nini humo, mjukuu wangu?"

"Mgongo wa mwalimu, babu."

Korongo akakohoa. "Hebu kiwashe, Mwalimu."

"Nikiwashe? Kwani ni jiko, mzee?"

Darasa likaangua kicheko. Konokono hakucheka, maana aliona kibao kinakwenda zake. Akapanda mezani polepole, akalalia kitufe cha pembeni kwa uzito wake wote. Kibao kikang'aa, picha na herufi zikatokea, na darasa zima likakizunguka.

Tausi akajipenyeza katikati, akatumbua macho.

"Mmekiharibu," akasema. "Mimi sionekani tena."

"Sasa ndipo kimepona," akajibu Korongo, akamwonyesha dawati la nyuma akakae.

Anayebisha akamuulize Konokono, mpaka leo yuko njiani kushuka mezani.